Mume wa Nyanya

Chuo kikuu nilifundishwa kwamba utani ni maneno ya kuchekeshana ambayo mtu haruhusiwi kuyakasirikia. Niliandika kurasa kumi na mbili juu ya neno hilo, nikapata alama nzuri, na profesa akanisifu kwa mifano. Mifano yote niliichukua kwa nyanya yangu wa kijiji cha Masereka, ambaye hakujua kusoma wala hakuulizwa.

Kwetu Butembo neno lenyewe hulisikii sana. Vijana husema blague, wazee husema mchezo. Lakini desturi kila mtu anaijua: mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake. Basi nilikuwa mume. Kila wiki mama mmoja muuza viazi, wa kanisa letu, alishuka kutoka Masereka na mizigo yake hadi Kimemi, mtaa wetu wa mjini, akaniletea malalamiko ya ndoa kutoka kwa nyanya: sukari imeisha, mume hajulikani anakolala, kuna mjane anayemposa. Nami nilimrudishia nyanya matusi yanayostahili. Mjukuu aliyejibu kwa upole alionekana hana adabu.

Wakati wa vita, tuliposikia askari, basoda kama tunavyowaita, wanapanda milima ya Lubero kuelekea Masereka, yule mama alinikuta mlangoni.

“Muke yako anasema ukuye kumubeba mbio. Kama hapana, basoda batamuoa.”

Alicheka. Nami nikacheka.

“Umuambie niko na mwingine huku, iko na meno yote. Yeye aolewe tu.”

Pikipiki ya jirani ilikuwa imesimama uani, ina mafuta. Nalitaja hilo kwa sababu nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni kwamba ningeweza kwenda siku ileile.

Siku sita baadaye askari waliingia kijijini. Watu walikimbilia msituni, mvua ikawanyeshea huko siku mbili. Waliporudi, nyanya alikuwa amebebwa mgongoni na jirani yake, baridi imekwisha kummaliza.

Tulipopanda kwenda kuzika, nilimuuliza muuza viazi kama alifikisha jibu langu.

“Nilimufikishia. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, ‘Ni ile tu alisema? Hakuongeza kitu?’”

Kwenye matanga, mjukuu ndiye huwachekesha waliochoka kulia. Shangazi alinisukuma mbele.

“Bwana ya marehemu, sema kitu. Batu bamechoka.”

Nikasimama. Nilitafuta mzaha hata mmoja, nikaukosa, kwa hiyo nikasema ukweli.

“Aliniita nikuye kumubeba. Nikakatala. Ni mimi nilimuua.”

Wakacheka. Mmoja alilazimika kuketi chini. Shangazi, machozi yakimtoka, alinipigapiga mgongoni na kuniambia niendelee.