Jogoo wa Kuchi Golini

Wenzangu, mimi leo ni bibi mwenye heshima zake, nikipita njiani hapa Makorora vijana wananiamkia shikamoo kabla sijawafikia, na wakwe zangu hakuna hata mmoja anayethubutu kunijibu neno, lakini nikisikia filimbi ya mpira mpaka kesho natazama chini. Wajukuu wananiuliza, "Bibi, kwani wewe na mpira mna nini?" nami nawaambia kichwa kinaniuma. Uongo mtupu. Nina aibu. Nimeamua kuiandika mwenyewe kwa mkono wangu (skuli nilitolewa mapema na hati yangu kama kuku aliyeparura jaani, atakayecheka na acheke), maana mjini wanaisimulia watu wengine, na kila wakiisimulia yule jogoo anazidi urefu.

Ni mambo ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mimi ni mke mpya, hina ya harusi haijanitoka vizuri kuchani. Mume wangu Bakari siku za kazi alikuwa kwenye ghala la mkonge, na Jumapili alikuwa golikipa wa timu ya mtaa wetu, tuliyoiita Nyuki, jezi za manjano na nyeusi. Tena golikipa kwelikweli! Wanaume wakinywa kahawa barazani kwetu hawana habari nyingine ila ligi, nani kafungwa, nani kavunjwa mguu, na Bakari akipandwa na maringo huwaambia, "Nyinyi semeni mtakayo, lakini mke wangu mimi hata sauti yake hamuijui." Nami niko ndani nyuma ya dirisha nasikia, na nikiona fahari (mjinga mie).

Sasa mimi ile ligi yote niliifuata kwenye karai la kufulia. Mwanamke wa kwetu kwenda mpirani wakati ule? Ungeambiwa umerogwa. Lakini jezi ya Bakari nikifua mimi, na jezi haina siri. Wakienda Muheza inarudi na udongo mwekundu, wakienda Pangani mchanga unamwagika mfukoni mwa bukta, wakicheza na timu za mashamba ya mkonge nakuta imechanika kiwiko, nikajua huko wanacheza watu wenye hasira. Ikirudi safi ndiyo nilikuwa nachanganyikiwa, sijui wameshinda bila taabu au kasimama tu anawatazama wanavyopita. Hamu ikanikaba. Usiku na mchana nawaza, hilo goli lenyewe likoje?

"Bwana," nikamuuliza siku moja, "goli ni kitu gani? Lina mlango?"

"Ni miti mitatu."

"Miti mitatu ndiyo mnataka kuuana?"

"Mwanaidi, niwekee maji ya kuoga."

Nikaweka maji, lakini mimi nikishaanza kuuliza siachi. "Na mbona tope huwa bega la kulia tu? Msimu mzima nafua, bega la kushoto safi kabisa. Kushoto huanguki?"

Akanigeukia, taulo begani, akanikazia macho. "Fua, usisome."

Basi nikanyamaza, ila swali halikunyamaza.

Ikafika mechi ya mwisho, Nyuki na timu ya bandarini, hapahapa mjini. Sisi tulikuwa mbele yao kidogo, kwa hiyo sare ilitutosha, sare tu, kombe linakuja Makorora kwa mara ya kwanza tangu mtaa kuwa mtaa. Kombe lilale nyumbani kwa nani? Kwa golikipa. Mama mkwe wangu alishaondoa vikombe vyake vya kauri kwenye rafu na kutandika kitambaa cha kufuma, wanawake wa mtaa wamejipanga na kanga za sare moja kulipokea pale kona, na pilau ya timu nzima inapikwa uani kwetu. Mchana mama mkwe akaniita.

"Mwanangu, nenda Usagara kwa somo yangu, kaniwekea jogoo. Mlete upesi nimchinjishe. Na rudi kwa njia ya nyuma, sikia, usipite uwanjani, leo kuna wanaume watupu."

"Ndiyo, mama."

Nikavaa buibui, nikajifunika gubigubi, nikaenda. Yule somo akanitolea jogoo wa kuchi. Wasiomjua kuchi niwaambie: ni jogoo mrefu kama mtoto wa madrasa, shingo ina manyoya haba, na macho ya mtu anayekudai. Akafungwa miguu kwa kamba ya mkonge, akatiwa kwenye kikapu, kichwa nje, tukaondoka.

Nilipofika penye njia panda, njia ya nyuma kushoto, uwanja kulia, nikasikia ule mngurumo wa watu. Msimu mzima nausikia kwa mbali kama mvua ya mtaa wa pili. Nikajiambia, nichungulie goli tu, hiyo miti mitatu, nione ikoje, niondoke. Kuchungulia kuna dhambi gani? Na ndani ya buibui nani atanijua?

Wallahi, hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Nikapenya nyuma ya goli la upande wa jua, maana pale watu wachache. Nikaiona miti mitatu. Nikamwona na Bakari. Jamani! Mume wangu niliyemzoea amekaa mkekani anamega ugali, kumbe ni mtu mrefu vile, mikono imefika huku na huku, anawapigia kelele watu wazima na wanamsikiliza! Nikasahau jogoo, nikasahau pilau, nikasahau hata kama nina miguu. Jogoo akaanza kupiga kelele, watu wakageuka kunitazama, nami kwa kuogopa kujulikana nikainama nikamlegezea kamba kidogo apate raha anyamaze. Kidogo tu.

Hakunyamaza kidogo, alinyamaza kabisa, kwa sababu hakuwamo tena kikapuni.

Nilipoinua macho namwona anatembea ndani ya uwanja, taratibu, kifua mbele, kama mwenye shamba anayekagua mali yake. Mpira ulikuwa unakuja upande wetu. Beki wetu, kibonge mmoja waliyemwita Gogo, akaona kitu kinapita miguuni, akainama kumshika jogoo, na nahodha wa bandarini, Makame, akaupiga mpira saa ileile, ukamgonga Gogo mkononi paa! Filimbi. Refa (mtu mnene, soksi mpaka magotini) akaonyesha chini. Mimi sikujua maana yake, lakini uwanja mzima ulijua: penalti, timu bado sare, na saa ya refa imebakisha kidogo sana.

Kukazuka kelele za kiama. "Wachawi nyinyi!" bandarini wanawaambia Nyuki. "Mmemtuma jogoo!"

"Tumtume jogoo tupigwe penalti wenyewe?" akajibu Gogo. "Mmemtuma nyinyi, mlijua nina njaa!"

Watu wakaingia uwanjani, mashati yanakamatwa, na jogoo anapita katikati anadonoa magoti, mpaka Bakari akajirusha akamdaka, kifuani, vizuri, kama mpira. (Kaangukia bega la kulia. Niliona.) Watu wa bandarini wakasema hawapigi penalti wala hawachezi, ule ni uchawi, wapewe kombe. Wetu wakasema labda wapite juu ya maiti zao. Refa akapaza sauti, "Jogoo huyu wa nani? Mwenyewe asipotokea, mechi naivunja, na kombe hapati mtu!"

Watu wakaanza kugeuka na kutazamana.

Sasa fikirini hali yangu. Buibui jeusi, wanawake wauza karanga na mabuibui yao wapo pale pia, ningegeuka nikatembea polepole hakuna ambaye angenijua mpaka naingia kaburini. Lakini kombe? Na ile rafu yenye kitambaa cha kufuma? Na Bakari wangu aitwe mchawi mji mzima? Nikajikuta nimeshapita kamba ya kuzuia watazamaji.

"Wangu," nikasema. "Si wa uchawi, wa pilau."

"Na wewe ni nani, mama?" refa akauliza.

Nikamtazama Bakari, jogoo kwapani, kafumba macho kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Ananijua kwa sauti.

"Mke wa golikipa."

Loo! Kicheko kile sijapata kukisikia tena duniani. Makame akakaa chini kabisa, kashika tumbo. "Bakari!" akapaza sauti. "Si ulisema hata sauti yake hatuijui? Mbona nzuri!"

Basi ubishi ukaisha, maana watu hawawezi kupigana huku wanacheka. Refa akasema penalti ipigwe, nami nimchukue ndege wangu nisimame kando ya mti wa goli, nisisogee, kwa kuwa hana hakika nikisogea kitatokea nini tena. Nikampokea jogoo. Bakari hakunitazama. Watu wakarudi nyuma, Makame akauweka mpira, na uwanja wote ukatulia kama msikitini.

Na mimi pale, hatua chache tu na mume wangu, kwa mara ya kwanza maishani namwona anainama, magoti wazi, anajiandaa kuanguka. Lile swali la msimu mzima likanipanda kooni. Naapa nilitaka kumnong'oneza tu. Lakini mimi sijui kunong'ona, hata sasa sijui.

"Bwana, sasa leo utaanguka kushoto au kulia kama siku zote?"

Makame akainua kichwa. Akatabasamu, tabasamu pana, akanipungia mkono kabisa, "Ahsante, shemeji," akaupiga kushoto.

Na Bakari, mtu ambaye tangu msimu uanze hajaangukia bega lile, akaangukia kushoto. Akaruka mzima mzima, vidole vikaugusa mpira, nikausikia ukigusa ngozi, ukapita, ukaingia wavuni.

Filimbi ya mwisho ikapigwa kabla hawajamaliza kushangilia.

Tulirudi Makorora yeye mbele, mimi nyuma, na jogoo kashika yeye, maana mimi hakuniamini tena. Pale kona wanawake wa kanga za sare walimwona kwa mbali kashika kitu kirefu kimeinuka juu, wakadhani kombe, wakapiga vigelegele mpaka wazee wakatoka majumbani. Vikaanza kukatika kimoja kimoja, kadiri lile kombe lilivyokuwa linapiga mbawa.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Kombe liko wapi?"

"Muulize mkweo," Bakari akasema, akampa jogoo. "Sauti anayo."

Sitaandika niliyoambiwa na mama mkwe, Mungu amrehemu, karatasi haitoshi. Pilau ililiwa, na yule kuchi alikuwa mgumu, wachezaji wanatafuna na kunitazama, wanatafuna na kunitazama.

Asubuhi yake nikachukua karai nikafua, kichwa chini. Bega la kulia lilikuwa na vumbi na unyoya umenasa. Nikaligeuza la kushoto. Limejaa udongo mpaka shingoni. Nikalishika, sikulitia majini. Nikahisi mtu kasimama nyuma yangu.

"Umeona?" Bakari akasema.

"Nimeona."

"Vidole viliugusa."

"Najua. Nilikuwapo."

Kisha akakaa kwenye kibao karibu na karai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Niliumia bega lile zamani, nabeba mizigo ya mkonge. Nikaogopa kuliangukia tena, na nikaogopa watu wakijua. Wewe ulijuaje?"

"Ulinikataza kusoma," nikasema.

Akacheka, wenzangu, akacheka mpaka mama mkwe akagonga dirisha. Akainuka, akajikung'uta. "Msimu ujao, ukitaka kuja, njoo. Ila mikono mitupu."

"Na mdomo?"

"Mdomo utie tambuu."

Nikaenda, na buibui langu, na tambuu yangu shavuni, mechi hii na mechi ile, sikutoa neno, na nyumbani nilikuwa nafua mabega mawili. Na kombe lilipokuja Makorora mwisho wa msimu ule, kombe la kweli, wanawake wote pale kona walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka, isipokuwa mimi peke yangu. Mdomo ulikuwa umejaa tambuu, na sikuthubutu kuitema.