Ndoo Isiyotwishwa

Nilipoolewa Mkotokuyana nilifika na haraka zangu za mjini. Wiki ya kwanza tu, pale kwenye bomba la kijiji, niliruka foleni nikaweka ndoo yangu mbele ya mama mmoja mtu mzima. Hakuna aliyenifokea. Nikapampu mpaka ikajaa, nikageuka kutafuta wa kunitwisha. Wanawake wote walikuwa wanaangalia mikorosho ya ng'ambo ya njia kana kwamba hawajawahi kuiona. Nikainyanyua mwenyewe, ikanimwagikia mwili mzima. Nilirudi nyumbani na nusu ndoo, nawasema njia nzima: watu gani hawa, roho mbaya tupu!

Usiku nikaikumbuka ile foleni niliyoiruka, aibu ikanishika. Kesho yake niliwahi, nikafagia pale bombani, kisha nikawaacha wote wanitangulie. Nilipomaliza kuchota, nilimkuta yule yule mama niliyemruka bado amesimama, ndoo yake imeshajaa kitambo. Akashika upande mmoja, akanitwisha.

"Taratibu, mkwe wetu," alisema, basi.

Sijaona bado mahakama inayomaliza kesi vizuri namna ile. Siku hizi akija mgeni na haraka zake, na mimi naangalia mikorosho.