Ejok ya Karani na Betri Ndogo

Mguu wangu wa kushoto niliupoteza kwa sababu ya karani wa stoo ya kambi. Jina lake silisemi, lakini watu wa Kakuma wa miaka ile ya tisini wanamjua, na wanajua pia kwamba baadaye alipewa stoo kubwa zaidi. Alitoka Kenya, kama tunavyosema sisi Waturkana tukimaanisha kusini, na neno la kwetu alijua moja tu: ejok. Ni salamu, na pia ni kusema kitu ni kizuri. Yeye alimtupia kila mtu neno hilo, hata aliyefiwa.

Siku nyoka aliponiuma mguuni kwenye magunia ya mahindi ya stoo hiyo, nililazwa kwenye ambulansi ya kambi nipelekwe Lodwar. Gari lilikuwa na betri mbili: kubwa ya kuwasha injini, ndogo ya redio. Ile ndogo iliyokuwa nzima karani alikuwa ameipeleka kwake kuendesha televisheni, akaweka nyingine iliyochoka. Dereva, Mturkana mwenzangu, akamwuliza kwa lugha yetu kama betri iko sawa.

"Ejok! Ejok!" karani akajibu akicheka, mkono juu.

Tukaenda.

Mbele tukakuta laga, mto wa msimu, imejaa maji, hakupitiki. Dereva akawasha redio aombe gari la Lodwar litupokee ng'ambo. Taa ikawaka. Sauti ya mwanamke wa hospitalini ikatoka safi, kana kwamba amekaa kati yetu. Nilisahau maumivu: mtu yuko mbali vile, namsikia akivuta pumzi! Lakini dereva akibonyeza kujibu, taa inafifia, redio inazima. Akiachia, yule mama anarudi: "Kakuma, sikupati."

"Betri ni nzuri, shida iko kwa waya ya juu," dereva akasema, akapanda kwenye paa. Akafungua, akakaza, akafungua tena. Mguu ukavimba hadi pajani.

"Ndugu," nikamwita, "yule karani alikuwa anakusalimia tu!"

Akaruka chini, akamtukana karani na ukoo wake wote, akahamishia nyaya za redio kwenye betri kubwa, injini ikinguruma. Akabonyeza. Taa haikutikisika.

"Nakupata, Kakuma. Sema."

Dereva akasema jina langu na shida yetu, machozi yakanitoka. Kisanduku kidogo kama mkate kilibeba jina langu juu ya maji na mawe yote yale, na yule mama akalirudia bila kukosea, kama ananijua.

Gari likaja ng'ambo. Vijana wa boma la karibu wakanivusha mabegani, maji yakiwa yameshuka hadi kiunoni. Huko Lodwar daktari alisema tumechelewa, akakata mguu kuokoa uhai.

Nilipozinduka, muuguzi akanisalimu, nikashtuka. Ilikuwa ni ile sauti ya redioni, ile ile, sasa ina mikono, inanifunga bandeji.