Mnoa Misumeno na Viatu vya Ilmi

Tenho Sorvari amenoa misumeno ya kiwanda cha mbao cha hapa mjini kwetu kwa miaka thelathini na moja. Mpe msumeno uliokufa, ataurudisha na meno ya mamba. Ndiyo maana viatu vya barafu vya binti yake Ilmi, vile vyenye chuma chini kama kisu, hakumwachia mtu. Alivinoa mwenyewe gereji tangu mtoto ana miaka mitano, na kadiri mtoto alivyoongezeka uzito, naye aliongeza makali. Kwake hiyo ilikuwa namna ya kumwombea asianguke.

Mimi naendesha mashine ya kusawazisha barafu uwanjani. Ni kazi ya kuzungukazunguka, na mimi ndivyo nilivyo, kwa hiyo mengi huyaona.

Vuli ile Ilmi alitimiza miaka kumi na minne. Kwenye vipimo vya nchi kavu aliwaacha wote: kuruka kutoka kusimama, mita mbili na kitu, kilima cha msituni alikimaliza wenzake bado wameshika viuno. Lakini akivaa viatu na kushika gongo la hoki, mita thelathini za barafu zilimla sekunde tano na nusu. Kambi ya wachezaji wa mkoa ilitaka tano na robo, si zaidi.

"Miguu unayo," kocha Raakel alimwambia. "Barafu tu haijapata habari. Jumamosi tunarudia, na ndiyo mwisho."

Tenho aliposikia, akaingia gereji akanoa tena.

Ijumaa baada ya mazoezi nikapitisha mashine. Wenzake Ilmi walikuwa wameacha michirizi. Alipopita yeye palikuwa kama shamba lililolimwa. Nikazima mashine, nikamfuata Tenho mezani kwenye kahawa.

"Tenho, binti yako anateleza au anapasua mbao?"

"Unasemaje wewe mzee?"

"Umemtia makali mno. Chuma kinang'ata barafu, kila hatua lazima aung'oe mguu kwanza. Nguvu zake zinaishia hapo."

Akakoroga kahawa isiyo na sukari. Mtu akifanya hivyo, mwache kidogo.

"Kitu butu ni aibu," akasema mwishowe.

"Nani kasema butu? Ule mfereji uliochimba chini ya chuma, upunguze kina, kingo zising'ate sana."

"Akianguka je?"

"Ataanguka, atainuka. Si wa miaka mitano tena."

Akamaliza kahawa yake akaondoka. Ila Jumamosi asubuhi alikuja na viatu kwapani, akanionyesha kama mtu anayeonyesha kidonda. Mfereji ulikuwa umebaki kama alama ya ukucha.

Ilmi akapitisha kidole. "Baba, umeviharibu?"

"Nimevipunguzia. Nenda, mwanangu."

Katika kupasha mwili moto akateleza, mkono ukagusa barafu. Tenho akakamata ukingo wa uwanja kwa mikono miwili. Kisha zamu ya Ilmi ikafika, akaondoka kwa hatua ndefu, na safari hii sikusikia ule mkwaruzo.

Raakel akaitazama saa, akaitazama tena. "Tano nukta moja. Ulikuwa wapi siku zote?"

"Gereji," Ilmi akasema, akimwangalia baba yake.

Tenho akacheka hadi akakaa kwenye benchi. Akatoa mfukoni andazi la iliki alilolisahau tangu asubuhi, limepondeka, akanimegea nusu.

"Miaka tisa," akasema, "nilikuwa namfungia breki."

"Na unadhani ile miguu ilipata wapi nguvu?"

Akatafuna taratibu, mabega yameshuka. Nikarudi kwenye mashine. Siku hiyo barafu haikuwa na kazi kubwa.