Mzee Aliyenishikia Taa

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana, bisibisi ikiwa mkononi, na ukiona nalisema polepole ujue bado linaniuma. Wenzangu pale Ifakara wanacheka, wanasema fundi alivuta harufu ya petroli ikampanda kichwani. Sawa. Wewe nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue.

Kazi yangu ni umeme wa magari. Masika iliyopita alikuja kibandani kwangu dada mmoja anaitwa Faraja, mtu mzima mwenye watoto wake, akaniomba niende kwao Mbingu. Nasema Mbingu hii ya barabara ya Mlimba, si ile ya Mungu. Baba yake alikuwa na landrova fupi ya zamani, ya petroli, na ilikuwa imelala bandani miaka mingi. Jumapili kulikuwa na misa ya familia, wakataka mama yao aende kanisani ndani ya gari hilo. Mafundi wengine walishajaribu wakashindwa. Sikuuliza misa ya nini. Ningeulizaje? Watu wana misa kila wiki.

Nikapanda gari la asubuhi na betri yangu na taa yangu ya mkononi, barabara tope tupu. Mama yake Faraja alinipokea vizuri, akanionyesha banda la mabati lililo kando ya njia. Nikamuuliza kama mwenye gari yupo, kwa sababu gari la zamani lina tabia zake, na anayezijua ni mwenyewe.

"Mwenyewe alisafiri," alisema, kama mtu anayeongelea safari ya juzi. Kisha akaenda zake jikoni, upande wa pili wa ua. Kutoka bandani sikuweza kumwona, ila moshi niliuona na sauti yake niliisikia, maana alikuwa akipika huku anaimba taratibu nyimbo za kanisani.

Nikafunga betri. Taa zikawaka, honi ikalia, selfu ikazungusha injini bila shida, lakini gari halikushika. Nikachukua kitaa changu cha kupimia, nikawasha ufunguo, nikagusa kwenye koili, ile inayozipa plagi moto. Kitaa hakikuwaka. Koili ilikuwa haipati umeme kabisa. Sasa waya wa kutoka kwenye ufunguo kwenda kwenye koili si mrefu, niamini, kuufuata ni kazi ndogo. Ila huu uliingia kwenye fungu la nyaya kuukuu zilizoviringishwa vitambaa, ukapotelea humo. Kila nilipodhani nimeushika, nilijikuta nimeshika waya wa taa za nyuma. Nikahangaika mpaka mchana. Mvua ikaanza kupiga mabati.

Nilidhani ni mvua iliyomleta. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni, mzee anayechechemea mguu mmoja, amevaa shati la bluu lenye kola iliyoshonwa kwa mkono kwa uzi mweupe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Linakusumbua?"

Nikamwambia linanisumbua sana. Akaja akakaa juu ya tairi la akiba, kama mtu anayekaa mahali pake. Na wewe unajua ilivyo, ukifungua boneti popote pale lazima watu waje. Nilimhesabu ni jirani anayejikinga mvua. Lakini mvua ile ilikuwa ya kumwagika, na shati lake lilikuwa kavu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi. Vumbi, ndugu yangu, katikati ya masika ya Kilombero! Nililiona kwa macho haya, na akili yangu ikapita tu, kwa sababu ilikuwa kwenye waya.

"Inua kiti cha dereva," alisema. "Chini ya gunia kuna swichi. Niliiweka kwa ajili ya wezi."

Alisema "niliiweka". Nalo hilo likanipita. Nikainua kiti, nikaondoa gunia, na kweli, palikuwa na swichi ya taa ya nyumbani imefungwa kwa waya, imeliwa na kutu ndani yote. Waya wa koili ulikuwa unapita pale. Nikazikata ncha mbili, nikaziunganisha, nikawasha ufunguo. Kitaa kikawaka kwenye koili. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Lakini kwenye plagi bado hakukuwa na moto. Nikafungua distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenda kwenye kila plagi, nikakuta rota imepasuka. Rota ni kidude kidogo kinachozunguka humo ndani, kinaenea kiganjani, lakini bila hicho gari ni chuma tu. Na ya gari lile huipati Ifakara. Nikakaa chini. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini Faraja.

Yule mzee akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa kitu kimeviringishwa kwenye nailoni.

"Jaribu hii," alisema. "Nilienda mbali kuitafuta."

Ilikaa sawasawa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Muda wote ule tukifanya kazi, mzee alikuwa akigeuka kutazama upande wa jikoni. Mama akipandisha sauti kwenye wimbo, yeye anaweka mikono magotini kutaka kuinuka. Na mimi kila akitaka kuinuka nampa kazi. Mzee, nishikie taa hapa. Anarudi, ananishikia. Mzee, nibonyezee hiki. Anabonyeza. Hakunikatalia hata mara moja. Mkono wake ulishika taa ile bila kutikisika.

Mwishoni alisema, "Naona mama anapika."

Nikamjibu bila kuinua macho. Nikamwambia asubiri kidogo, tuliwashe kwanza, tumshtukize, halafu tutakula wote.

"Haya," alisema.

Gari likawaka. Moshi ukajaa banda lote, injini ikawa inaruka, nikainama kuituliza. Nilipoinuka, taa yangu ilikuwa imewekwa juu ya tairi, inawaka, na mzee hayupo. Nikafikiri amekwenda jikoni kumwita mama.

Mama alikuja mbio na mwiko mkononi, anacheka na kulia kwa pamoja. Akauliza nimewezaje. Nikamwambia nisifiwe kidogo tu, kuna mzee mmoja anayechechemea amenionyesha swichi chini ya kiti. Akauliza amevaaje. Nilipofika kwenye kola na uzi mweupe, akakaa chini pale pale kwenye tope.

"Kola ile nilishona mimi," alisema.

Kisha akainuka, akatoka mpaka njiani, mvua inampiga, akaita Baba Faraja, Baba Faraja, mpaka majirani wakatoka. Nilitazama tope la mlangoni. Kulikuwa na nyayo zangu na za mama. Nyingine hazikuwepo.

Majirani ndio walionieleza. Baba Faraja aliondoka kiangazi kimoja, miaka mingi nyuma, kwenda Mlimba kupanda treni, akitafuta rota ya gari lake. Watu walimwona stesheni. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena. Walimtafuta polisi na hospitali zote, hakukuwa na maiti wala kaburi. Watoto walimsihi mama miaka yote akubali aombewe kama marehemu, naye alikataa. Misa ya Jumapili ile ndiyo aliyokuwa amekubali mwishowe.

Jioni, kabla sijaondoka, mama aliniuliza jambo moja.

"Hakuniulizia?"

"Hapana, mama," nilimjibu. "Aliongelea gari tu."

Niamini, sikukusudia kumdanganya. Kichwani nilikuwa na nyaya tupu. Nilikumbuka njiani, gari likikaribia Ifakara, jinsi alivyokuwa akigeuka, na ile "naona mama anapika". Nililia mbele ya abiria. Kesho yake nikarudi Mbingu nikamweleza mama yote. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akasema asante mwanangu kwa kunifariji. Hakuniamini. Neno la kwanza lilikuwa limeshaingia.

Misa haijasomwa mpaka leo. Mama anasema mtu anayekaa juu ya tairi na kumshikia fundi taa haombewi kama marehemu. Watoto wanasema alikuja kuaga, wanamwomba amwachie aende. Wamegawanyika, hawakai mezani pamoja, na Faraja tukikutana sokoni ananisalimia kwa mdomo tu. Alishaniambia mara moja, kwa upole, kwamba ningemwita tu mama. Angemshika mkono. Angejua kama ni mtu au si mtu, na moyo wake ungetulia upande mmoja.

Nimjibu nini? Ni kweli. Mimi ndiye pekee niliyemwona, na nilikuwa natazama waya. Hata sura yake siikumbuki vizuri. Nikifumba macho naona mkono na taa.

Siku hizi mama hapiki tena kule nyuma. Alihamisha mafiga yake, akayaweka mbele ya banda, kando ya njia, jua liwake au mvua inyeshe. Nikipita na gari la Mlimba nauona moshi, nami nageukia dirisha la upande mwingine.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayefanya kazi kwenye nyumba za watu. Akija mtu usiyemjua, akawa anaijua nyumba ile kuliko unavyomtegemea jirani kuijua, usimpe kitu akushikie. Usifurahie msaada wake. Weka chini vyombo vyako, nenda mpaka jikoni, uwaite wenyeji waje wamwone kwa macho yao. Chakula kikiungua, kiungue.