Aliyenisomea Ripoti Yangu Sasa Haoni

Mhariri, jina langu nimekuandikia pembeni lakini usilitoe. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na moja, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, nauza samaki sokoni Homa Bay. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wasomaji mtanivumilia.

Miaka minne iliyopita nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana. Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa na sanduku la posta isipokuwa kanisa. Ripoti za mwisho wa muhula zilikuja kwa sanduku hilo, kwa Kiingereza, na aliyezifungua alikuwa mwalimu wa kanisa, tuliyemwita Japuonj. Sabato moja ya likizo, ibada ikiisha, wazazi walibaki kwenye mabenchi naye akawasomea kwa Kijaluo, mtoto mmoja mmoja: nafasi yake, tabia yake, neno la mwalimu mkuu. Ukifanya vizuri, akina mama walikupigia vigelegele mpaka mlangoni.

Kanisa letu lilikuwa na wasichana wawili tu shuleni kwetu, mimi na binti yake Japuonj. Tulikaa dawati moja. Hesabu zake nilizijua vizuri, maana alizinakili kwangu.

Siku hiyo alianza na ya binti yake. Wa tatu kati ya wasichana thelathini na wawili, ana bidii, tunamngojea muhula ujao. Vigelegele. Kisha akasoma yangu. Eti mimi ni wa thelathini na moja, na mwalimu mkuu anaona afadhali nibaki nyumbani nisaidie wazazi. Nikasimama nikaomba niione karatasi. Akanijibu kwa upole kwamba ripoti ni ya wazazi, mtoto hajisomei. Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake.

Njiani nilimwambia baba kwamba yule mtu amebadilisha ripoti. Baba hajui hata herufi moja. Alisimama akaniangalia.

“Nyathina, mwanangu,” akasema, “unataka niende kumwambia mtu wa Mungu kwamba ni mwongo, kwa sababu wewe umeshindwa?”

Kabla shule hazijafunguliwa ng'ombe walikuwa wameshaingia bomani kwetu. Nikaolewa na mwenye duka aliyenizidi miaka kumi na tisa. Si mtu mbaya. Lakini mimi nilitaka kuwa nesi, na nilijua ninaweza. Asubuhi binti wa Japuonj alipopita na sanduku lake la bati akirudi shuleni, mimi nilikuwa nachota maji. Alinisalimia. Sikumwitikia, na hadi leo sijamwitikia.

Mwaka jana mama mmoja alisimama mbele ya samaki wangu akanitazama sana. Alikuwa mwalimu wetu mkuu.

“Si ni wewe ulitoroka shule?” akaniuliza. “Tuliandika barua mbili, hakuna mtu alijibu.”

Barua zile hatukuziona, na mnajua ziliingia sanduku la nani. Nilimweleza yote. Baada ya wiki mbili aliniletea nakala ya ripoti yangu kutoka ofisini kwake, ina muhuri wa shule. Wa tatu. Ana bidii. Tunamngojea. Maneno yaliyopigiwa vigelegele siku ile, ila juu yake pameandikwa jina langu. Nililia pale pale sokoni, wateja wakaondoka.

Mume wangu anasema yaliyopita si ndwele. Kwake ni rahisi kusema, yeye ndiye aliyefaidika.

Sasa sikilizeni. Japuonj ameingiwa na mtoto wa jicho, haoni tena maandishi. Wazee wa kanisa walitafuta mtu wa kusoma ripoti za muhula huu, na Japuonj mwenyewe akanitaja. Akasema, apewe yule, alisoma kidogo. Kidogo! Mchungaji mkubwa atakuja Sabato ya mwisho wa mwezi, na siku hiyo nitasimama mahali pale pale aliposimama yeye. Bahasha ziko kwangu, chini ya godoro, na nimeshazifungua.

Moja ni ya binti yake wa mwisho, naye yuko kidato cha pili. Amekuwa wa pili darasani. Juzi alikuja dukani kwa mume wangu, akazungukazunguka, kisha akaniuliza, “Dada, ripoti yangu ni nzuri?” Nikamjibu kwa upole kwamba ripoti ni ya wazazi. Aliondoka ameinamisha kichwa, nami nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

Maana kila neno nimeshalipanga. Wa thelathini na moja, afadhali abaki nyumbani. Tayari kuna mtu anamtaka, mwenye ng'ombe wengi, Japuonj anangoja tu kusikia ripoti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, nataka na yeye auonje. Au nimwache mtoto, nitoe nakala yangu niisome mbele ya mchungaji, huku baba ameketi benchi la mbele. Baba siku hizi anaumwa kifua. Sijui kama atafika nyumbani akijua alichonifanyia.

Nishaurini, nifanye nini? Msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa. Niambieni tu nisome ipi, yangu au ya yule mtoto. Na mkiona muda ni mfupi, msijali. Gazeti hili hufika kwetu Ijumaa, na Japuonj hapitwi na ukurasa huu, hutafuta humo mifano ya mahubiri yake. Macho yake yamekwisha, kwa hiyo siku hizi anayemsomea ni binti yake huyo wa mwisho.

Binti, ulikuwa wa pili. Sasa msomee baba yako tena kutoka juu, polepole, na usiruke mstari.