Msichana wa Kwenye Kreti la Malimao

Nilimuumbua marehemu mbele ya jeneza lake. Na sikuona haya.

Marehemu ni mama mdogo, Hortensia. Tangu nipate akili, yeye na mama yangu walikuwa paka na panya.

Sababu? Karatasi.

Enzi hizo kwetu Santa Paula, California, malimao yalisafirishwa kwenye makreti ya mbao, na ubavuni ilibandikwa karatasi yenye picha ya rangi kali. Ya kiwanda cha kufungasha malimao walichofanyia kazi mama na Hortensia ilikuwa na msichana mwenye skafu nyekundu, kakumbatia malimao, anacheka.

Mama alisema, "Yule ni mimi. Mchoraji alinikuta kazini."

Hortensia naye: "Wewe? Na pua hiyo? Yule ni mimi!"

Sasa msibani, binamu yangu Delfina akaiweka karatasi ile juu ya jeneza la mama yake.

"Mtazameni mama yangu alivyokuwa mzuri," akasema, macho kwangu. "Wenye wivu wajinyonge."

Damu ikanichemka. Nikachomoa mfukoni karatasi nyingine niliyoinunua kwa muuza vitu vya kale. Msichana yuleyule, skafu ileile. Ila huyu kakumbatia mapeasi, ya Oregon, jimbo jingine kabisa!

"Wachapaji walichora msichana mmoja, wakamuuzia kila mwenye kiwanda," nikasema. "Mama yako hajachorwa na mtu. Kwisha habari yako!"

Nilijua namwangusha hata mama yangu. Bora tukose wote.

Delfina akanirukia. Mama akaingia katikati.

"Kaeni chini! Mimi na Hortensia tulijua siku zote."

"Sasa mlikuwa mnagombania nini?" nikauliza.

"Mwaka wa mgomo wa wafanyakazi, sisi tuliogoma tulifukuzwa kwenye nyumba za kiwanda. Nililala hemani, wewe ukiwa tumboni. Hortensia akausaliti mgomo, akaingia kufanya kazi kwenye nafasi yangu. Ningelitamka hilo, ningemuua. Basi tukagombania picha. Kila Krismasi alinipigia simu kunitukana juu ya picha hiyo. Ndiyo salamu tuliyobaki nayo."



Mama akainyoosha karatasi ya malimao juu ya jeneza.

"Haya, mdogo wangu. Ni wewe. Umeshinda."

Jamani, ukikuta ndugu wanagombania upuuzi, usikimbilie kuamua nani mkweli. Huenda upuuzi huo ndio unaowazuia wasishikiane visu.

Mimi na Delfina hatusemezani mpaka leo. Na sisi hata picha ya kugombania hatuna.